Shamba Chini ya Wino

Nchi ninayoisimulia ipo, tena imekaa vizuri tu, ila msiitafute kwenye ramani, kwa sababu ramani zake zote alizichora Elifasi, na humo ndimo kisa kizima kilimolala. Nchi hiyo ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wa akiba. Ina pia Wizara ya Upanuzi wa Mji. Mji ukipanuka, Waziri anapongezwa. Usipopanuka, Waziri anapandwa na shinikizo la damu, na hakuna raia mwema anayependa kumwona Waziri wake akiugua.

Sasa, katika nchi hiyo kuna sheria moja nzuri sana ambayo nchi nyingine bado hazijaifikia. Sheria inasema ramani ndiyo asili na ardhi ni nakala. Vikitofautiana, inarekebishwa ardhi. Mwaka mmoja tone la chai lilidondokea ramani ya wilaya ya kaskazini, na hadi leo vijana wa wilaya hiyo wanachimba ziwa.

Elifasi alikuwa Mchora Mipaka Mkuu. Mtu wa shati lililonyooshwa, penseli tano mfukoni, zote zimechongwa kwa wembe mpaka zinachoma. Kila mwaka, kabla ya Siku ya Mji, alichora mstari wa kuonyesha mji umefika wapi. Upande wa ndani ni mji, na mjini kulima ni kosa, tena limewekwa kifungu kimoja na kukojoa barabarani. Upande wa nje ni shamba, mpaka mwaka unaofuata.

Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akijiambia hivyo kila asubuhi akinyoa ndevu, na siku hizi hata yeye ameacha kulisema.

Nje kidogo ya mstari wa mwaka jana, katika kijiji cha Ngoroti, aliishi dada yake, Ndeshi. Mama yao alifariki Elifasi akiwa na miaka sita na Ndeshi kumi na saba, mchumba keshapatikana. Mchumba akaambiwa asubiri. Akasubiri miaka miwili, akachoka, akaoa kwingine, na Ndeshi akabaki na shamba la ekari moja na nusu na mdogo wake wa kulisha. Maharage ya shamba lile ndiyo yaliyomvalisha Elifasi sare, ndiyo yaliyompeleka chuo cha upimaji, ndiyo yaliyomnunulia penseli ya kwanza. Ukimchunguza sana Elifasi, alikuwa maharage matupu yaliyovaa tai.

Shamba lilizungushiwa masale. Kwa asiyeyajua, sale ni mmea wa majani marefu, mgumu kufa, na watu wa Ngoroti waliupa kazi mbili. Ya kwanza ni mpaka. Penye sale ndipo shamba la mwenzako linapoanzia, na hakuna aliyewahi kwenda mahakamani. Ya pili ni msamaha. Ukimkosea mtu, unakata jani la sale, unalipiga fundo, unampelekea kwa mikono miwili na kutamka ulichofanya. Lazima utamke, usipotamka hilo ni jani tu. Na aliyeletewa, hata kama moyo unamuwaka, haruhusiwi kukataa.

Elifasi alipokuwa na miaka minane alimwacha mbuzi akala miche yote ya maharage ya msimu. Alijificha ghalani kutwa, jioni akatoka na jani lenye fundo, kamasi zimemjaa. Ndeshi alilitazama jani, akamtazama yeye, akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa nenda kanawe, tupande upya."

Hawakulizungumza tena.

*

Mwaka ule mstari ulikuwa unaelekea Ngoroti, na Elifasi akafunga safari kwenda kumtoa dada yake hofu. Alimkuta anapalilia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, baba. Wamekutuma au umekuja?"

"Nimekuja. Nimepima mwenyewe. Mstari unaishia huku upande wa mjini, hatua kumi na mbili kabla ya masale yako. Wewe lima tu."

"Hatua za mtu gani?"

"Za kwangu, dada."

Ndeshi akacheka, akaenda kumfungia maharage mabichi kwenye kitambaa. "Haya. Kama ni za kwako, naziamini."

Elifasi akarudi ofisini, akachora mstari kwa penseli ngumu, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ulipita hatua kumi na mbili kabla ya masale, sawasawa na ahadi. Akautazama, akajiona mtu mzuri.

Tatizo likawa macho ya Mheshimiwa Waziri. Mheshimiwa haoni karibu wala mbali, lakini miwani havai, maana washauri walimwambia kiongozi mwenye miwani anaonekana kama kuna kitu kinampita. Siku mbili kabla ya sherehe akaletewa ramani aikague. Akaikagua kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Mji umepanuka wapi?"

"Hapa, Mheshimiwa." Katibu wa Wizara akaonyesha kwa kidole.

"Hapo naona kidole chako."

Katibu akaondoa kidole. Waziri akainama mpaka pua ikagusa karatasi.

"Sioni upanuzi," akasema, kwa huzuni ya kweli. "Yaani mimi nisimame mbele ya wananchi, wengine wako nyuma kabisa kwenye jua kali, niwaonyeshe kitu ambacho mimi Waziri wao sikioni? Mstari gani huu unaoona haya? Serikali hii haina mistari ya woga. Ichorwe upya."

Alipotoka, Katibu akafungua droo, akamtolea Elifasi kalamu ya wino mnene, ileile iliyotumika kuandika CHOO KIBOVU kwenye kipande cha boksi.

"Pitishia juu yake," akasema. "Dakika mbili tu, twende tukale."

Katika ramani ile, milimita moja ya karatasi ilikuwa mita mia za ardhi. Wino wa kalamu ile ulikuwa na unene wa milimita sita. Elifasi hakuhitaji kupiga hesabu, aliijua kama anavyolijua jina lake. Angeweza kusema ichorwe nakala nyingine ya kuonyesha jukwaani. Angeweza kusema kalamu imekauka. Alisema, "Sawa, mkuu," akashika rula, akapitisha wino mita mia tatu huku na mita mia tatu kule. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalomsumbua mpaka leo, kwamba mstari ulinyooka.

Siku ya Mji Waziri akaugonga mstari kwa fimbo, na wananchi wa nyuma kabisa wakauona, wakapiga makofi. Watu wa Ngoroti nao walikuwepo, walikodiwa lori. Nao wakapiga.

*

Wiki ya pili watu wa Ngoroti wakaja wizarani na swali, tena waliuliza kwa adabu. Walisema wameitazama ramani, wakaona hawako ndani ya mstari wala nje ya mstari. Wako chini ya mstari. Je, wapalilie au wasipalilie?

Swali lile likaitia Wizara homa. Ikaundwa Kamati ya Kutafsiri Wino, wajumbe tisa, pamoja na mtaalamu kutoka kiwanda cha kalamu. Wakaketi siku kumi na nne hotelini, maana mambo ya ardhi yanataka utulivu. Maharage ya nazi waliyokula, kwa taarifa yenu, yalitoka Ngoroti.

Mwanasheria wa Wizara alizungumza siku nne mfululizo. "Wino huu," alisema, "ulinunuliwa na Serikali. Kalamu ni ya Serikali. Rula ni ya Serikali. Kwa hiyo kila kilichofunikwa na wino ni mali ya Serikali, kama vile kichwa kilichovaa kofia ya polisi kinavyokuwa cha polisi." Wote wakaitikia kwa vichwa, isipokuwa askari wa mlangoni, ambaye alivua kofia kidogo akajipapasa.

Mjumbe mmoja tu, jaji mstaafu, mama mtu mzima ambaye muda mwingi alikuwa anasinzia, ndiye aliyefumbua macho siku ya kumi na tatu.

"Huyu aliyechora," akauliza, "unene huu aliukusudia? Maana kama kalamu imeteleza, tufute tu, tuende nyumbani kwetu."

Elifasi akaitwa.

Hapo nataka mwelewe alikuwa anafikiri nini, ingawa sitaki mumwonee huruma. Mchora Mipaka aliyemtangulia alitamka neno "kosa" mbele ya kamati kama ile, na unga wake ukamwagika siku hiyohiyo. Siku hizi anapima watu suruali sokoni kwa futi aliyotoka nayo ofisini. Halafu asubuhi ile Katibu alikuwa amemshika bega kwenye ngazi na kumnong'oneza kwamba kuna kurugenzi mpya inaundwa, na kurugenzi haiwezi kukaa bila mkurugenzi.

"Bwana Elifasi," akasema jaji, "ulikusudia?"

Neno la kusema lilikuwa moja, hapana. Lina herufi sita. Angelisema, karatasi ingefutwa na dada yake angepanda vuli. Kamati nzima ilikuwa inamtazama, na mwanasheria alikuwa ameacha hata kutafuna.

"Nilikusudia," akasema Elifasi.

Jaji akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyopendeza. "Iandikwe alikusudia," akasema, akarudi kusinzia.

*

Safari hii Elifasi hakufunga safari kwenda Ngoroti. Alikwenda na msafara, kwa sababu ilikuwa siku ya Ustaafu wa Jembe.

Wizara haikufukuza mtu, hilo naomba lieleweke. Wakulima walistaafishwa kwa heshima zote. Kila mmoja aliitwa jina, akapanda jukwaani, akakabidhi jembe, akapewa cheti chenye picha ya jembe. Majembe yakapakiwa lori kwenda kuyeyushwa, ili yatengenezwe sanamu ya jembe kubwa kwa ajili ya kuwaenzi wakulima. Sanamu ingesimama kwenye mzunguko wa barabara, na mzunguko wa barabara ungekuwa pale hasa palipokuwa na maharage ya Ndeshi.

"Ndugu wananchi," Waziri alisema, akiwahutubia watu waliokuwa kulia, ingawa wengi walikuwa kushoto, "wapo wanaouliza, mashamba yakiisha tutakula nini? Hao ni wachochezi. Mimi nilikwenda dukani juzi, dukani kwenyewe, sikutuma mtu. Nikakuta unga. Nikakuta maharage. Nikamuuliza muuzaji, haya mmeyatoa wapi? Akasema, stoo. Sasa stoo iko mjini au shambani?"

"Mjini," wakaitikia wale waliolipiwa kuitikia.

"Basi chakula kinatoka mjini. Tuuongeze mji."

Ndeshi alikabidhi jembe lake, akashuka, akamfuata Elifasi kando ya gari.

"Eli," akasema, "uliniambia hatua kumi na mbili."

"Ni wino, dada. Wino ulitanuka."

"Wino gani huo unaokula ekari moja na nusu?"

"Kamati imekaa. Ndivyo ilivyoamua."

"Na wewe hukuwepo ukawaambia?"

Elifasi akainamisha uso, akawa anarekebisha penseli mfukoni. "Mimi nachora tu, dada," akasema.

Ndeshi akampangusa vumbi begani, kama alivyozoea kumpangusa akienda shule. "Usijali," akamwambia. "Najua ungewaambia kama wangekuuliza."

Mchana ule yakang'olewa masale. Agizo, la nchi nzima, lilisema mipaka ya mimea inawachanganya wananchi na kuidhalilisha mipaka ya saruji. Kwa kuwa ni mmea mgumu kufa, agizo lilitaka yang'olewe na mizizi, yakaushwe, yachomwe, kisha aliyesimamia aweke sahihi kwamba hakuna hata moja lililobaki. Aliyesimamia, hapo na katika kila kijiji baadaye, alikuwa Elifasi. Siku ile alisimama kwenye jua tangu saa saba hadi saa kumi na moja, na alipoweka sahihi hakuangalia nyuma kumtazama dada yake alikuwa anafunga nini kwenye mzigo.

*

Elifasi akawa Mkurugenzi wa Mistari Minene. Akapewa ofisi yenye zulia na kiyoyozi, na kalamu ile ya CHOO KIBOVU ikawekwa kwenye kisanduku cha kioo mezani kwake, iwe kumbukumbu.

Ndeshi akapewa chumba na sebule ghorofa ya tisa kwenye Maghorofa ya Mgomba, Mtaa wa Mahindi. Wizara ina utaratibu mzuri, kila kinachong'olewa kinapewa mtaa. Hapo Ndeshi aliendelea kuamka alfajiri. Kwa kuwa hapakuwa na cha kupalilia, alifagia ukumbi wa ghorofa mpaka milangoni kwa majirani, na majirani wakamshitaki kwa kuvuka mipaka.

Elifasi alikuwa anamtembelea kila Jumapili. Kila Jumapili alipanda ngazi akiwa amepiga moyo konde kwamba leo atasema, na kila Jumapili akashuka hajasema. Alimkuta amekaa mkekani na sinia, anachambua maharage ya pakiti yaliyotoka nchi nyingine, nchi ambayo inasemekana haina hata Waziri wa Upanuzi. Mabovu aliweka kulia. Ya kupika aliweka kushoto. Na mazuri kabisa, yale manono, aliyaweka kwenye chupa.

"Hayo ya nini, dada?"

"Mbegu."

"Mbegu ya kupanda wapi?"

"Sijui," alisema Ndeshi. "Lakini mbegu hailiwi, Eli. Nilikufundisha."

Akampikia. Elifasi alikula. Roho ilimsuta kuliko angetukanwa. Angetukanwa angejitetea, maana hoja anazo, alifundishwa na mwanasheria. Lakini dada yake alikuwa anamchagulia nyanya laini na kumwambia amekonda, wizarani wanamtesa.

Mwaka ulipokatika Elifasi aliona hawezi tena. Akaamua amwombe radhi kama watu wa kwao wanavyoomba, kwa sale.

Sasa alitafute wapi.

Alianzia Ngoroti. Alikuta jembe la chuma lina urefu wa ghorofa tatu, na chini yake duara la masale yanayong'aa. Akayakimbilia. Alipoyashika yalikuwa ya plastiki. Kibao kilisema BUSTANI YA KUDUMU, HAIHITAJI MVUA. Akazunguka vijiji kumi vilivyomezwa miaka ya nyuma, na kila alipouliza, watu walimwonyesha sahihi yake mwenyewe kwenye ubao wa matangazo, inathibitisha hakuna hata moja lililobaki. Kwa kazi yake, lazima tumsifu, hakuwa mzembe.

Mwisho akafika Makumbusho ya Taifa, ambako sale moja lilihifadhiwa ndani ya kioo, hai, linamwagiliwa na mtumishi mwenye glavu. Karani akampa fomu.

"Jina. Cheo. Sababu ya kuomba jani," karani akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. Kisha akasita. "Hapa umeandika kuomba radhi."

"Ndiyo."

"Na kwenye cheo umeandika Mkurugenzi."

"Ndiyo."

"Samahani, mzee. Mtumishi wa ngazi ya mkurugenzi hawezi kuwa amemkosea mtu. Mfumo haukubali." Akamwonyesha waraka, na kweli ulisema hivyo. "Nikuandikie mapambo? Mapambo inapita."

"Nimemkosea dada yangu," akasema Elifasi. Ilikuwa mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo, na aliyatamka dirishani, kwa karani aliyekuwa anatafuta muhuri.

"Naelewa, mzee. Lakini hata mapambo inatakiwa isainiwe na Mkurugenzi wa Mistari Minene."

"Ndiye mimi."

"Basi huwezi kujisainia. Huo ni ufisadi."

Elifasi akatoka. Pale nje, kwenye duka la zawadi, akanunua sale la plastiki.

*

Jumapili akapanda ghorofa tisa. Ndeshi alikuwa mkekani na sinia lake. Elifasi hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti, akatoa jani la plastiki, akajaribu kulipiga fundo. Likafunguka. Akajaribu tena, likafunguka tena.

"Unafanya nini, baba?"

"Nimekuja kukuomba radhi."

Ndeshi akalishika lile jani, akalikunja, likarudi kama lilivyokuwa. "Hili halikai fundo," akasema. "Haya, sema. Umefanya nini?"

"Dada, ile kamati waliniita."

"Wakakuita."

"Wakaniuliza kama unene wa mstari ni kalamu iliteleza au nilikusudia. Wakasema kama ni kalamu, watafuta."

Ndeshi akaacha kuchambua. "Wakakuuliza wewe?"

"Wakaniuliza mimi."

"Ukasemaje?"

"Nilisema nilikusudia."

Ndeshi akarudisha macho kwenye sinia. Akachambua punje moja, ya pili, ya tatu, akizitazama kwa makini.

"Mimi nilikuwa najiambia ni kalamu," akasema hatimaye. "Mwaka mzima, Eli. Mwaka mzima nimekuwa naichukia kalamu."

Akainuka, magoti yakilia, akaingia chooni. Elifasi akasikia anahamisha ndoo na beseni. Alipotoka alikuwa amekumbatia kopo la mafuta ya kula lililojaa udongo, na ndani ya kopo sale bichi, majani matano, limepinda kidogo kuufuata mwanga wa kile kidirisha cha chooni. Kumbe ndilo alilolifunga kwenye mzigo siku ile.

"Kata," akasema.

"Dada, hili ni la kwako."

"Sasa utaniomba radhi kwa plastiki? Kata moja, ufanye vizuri."

Akakata. Akalipiga fundo, fundo likakaa. Akampa kwa mikono miwili, machozi na kamasi vimemjaa, Mkurugenzi mzima. Ndeshi akalitazama jani, akamtazama yeye, akalipokea.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa nenda kanawe, tu..."

Neno lililobaki halikuwa na pa kwenda. Alisimama hivyo kidogo, jani mkononi, akitazama sakafu ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha akamsukumia lile kopo kifuani.

"Lichukue. Wakaguzi wa masale wameanza kuingia hadi vyooni, wiki hii watafika huku. Kalipande mahali ambapo hawatalifikia. Wewe ndiye unayejua mstari unakokwenda."

*

Elifasi akashuka ngazi na kopo. Askari wa getini akampigia saluti, kwa sababu kitu kinachobebwa na Mkurugenzi hakiwezi kuwa haramu. Akaendesha gari akapita Mtaa wa Mahindi, akapita Barabara ya Mtama, akauzunguka mnara wa jembe, akaendelea mpaka lami ikaisha. Alikuwa anaijua ramani nzima kichwani. Hapa pangefikiwa mwakani. Pale, mwaka wa keshokutwa. Ule mlima, miaka mitano, kama Waziri hatabadilishwa. Alitafuta kichwani mahali ambapo hapatafikiwa, akakosa, maana karatasi ilikuwa na nafasi tele na wino ulikuwepo.

Akasimamisha gari kwenye shamba la kwanza aliloliona. Maharage yalikuwa yametoa maua. Mama mmoja alikuwa anapalilia na mumewe. Elifasi akashuka, akatembea ukingoni mwa shamba, kopo kifuani, penseli tano mfukoni, akitafuta udongo laini.

Mama akanyoosha mgongo. Akaliona gari. Akaziona penseli. Akamtazama huyo mtu anayepima kwa macho ukingo wa shamba lake. Akaweka jembe chini, akainama, akaanza kung'oa maharage.

"Baba Nsia," akamwita mumewe kwa sauti ya kawaida tu, "acha kupalilia. Ng'oa. Wamefika."

"Hapana, mama," akasema Elifasi. "Sikuja kikazi. Nimekuja kupanda."

"Najua, baba. Hata kule Ngoroti mlianza kwa kupanda vigingi."

"Bado hayajakomaa. Mnayaharibu."

"Ndiyo. Lakini majani tutakula." Alikuwa anang'oa haraka, kwa mikono miwili, na maua meupe yalikuwa yanamwangukia miguuni. Mumewe alikuwa ameshamaliza tuta moja.

Elifasi hakujua afanye nini, akafanya alilofundishwa utotoni. Akakata jani la pili kwenye kopo la dada yake, akalipiga fundo, akamsogezea yule mama kwa mikono miwili. Kisha akakumbuka kwamba lazima atamke alichofanya. Akafungua mdomo, akatafuta.

"Bado sijafanya," akasema.

Mama akapangusa mikono kwenye kanga, akalipokea jani kwa mikono miwili, kama desturi inavyotaka.

"Nimekusamehe, baba," akasema. Akalichomeka jani kwenye mkunjo wa kanga kiunoni, akaendelea kung'oa.